Mnazi Usio na Vidato vya Chini

Neno "kidato", ambalo leo kila mzazi hulitamka kwa maana ya darasa la shule ya sekondari, asili yake si neno la shule. Ni neno la wakwezi. Kidato ni lile pengo dogo linalochongwa katika shina la mnazi ili mkwezi apate mahali pa kutia mguu. Mkwezi hapandi kwa nguvu ya mikono peke yake. Hupanda kidato baada ya kidato, na kila kimoja kimepimwa kwa urefu wa mguu wa mtu. Akiukuta mnazi ambao kidato chake cha kwanza kiko juu ya kichwa chake, akauacha, hakuna atakayemwita mvivu. Watu watasema aliyeuchonga ndiye asiyejua kazi.

Twaanza na neno hilo kwa sababu jambo tunalotaka kulizungumza leo lafanana nalo mno. Kila mwezi wa Januari maelfu ya watoto wa nchi hii huingia kidato cha kwanza. Walio wengi wametoka katika shule za msingi za serikali, ambako hesabu, sayansi na maarifa mengine wamefundishwa kwa Kiswahili, na Kiingereza wamekijua kama somo moja tu miongoni mwa masomo. Siku wanapoingia sekondari hukabidhiwa kitabu cha baiolojia, cha jiografia, cha fizikia. Na vyote hivyo, isipokuwa kile cha Kiswahili na vichache vingine, vimeandikwa kwa Kiingereza. Hupewa wiki chache za kuzoeshwa lugha, kisha safari ikaanza. Mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani kwao hukaa kimya. Hunakili yaliyo ubaoni bila kuyafahamu, hukariri asichokielewa, na mwisho wa mwaka husemwa kwamba hana akili.

Je, ni kweli kwamba hana akili? Au ni kwamba mnazi aliopewa hauna vidato vya chini?

Twaliuliza swali hili mbele ya wanachama na wafanyakazi kwa sababu jambo lenyewe lawahusu wao kuliko wanavyodhani. Mtoto wa mwenye fedha hapatwi na msiba huu kwa kiasi hicho. Yeye alianza Kiingereza tangu chekechea, katika shule ya kulipia, na nyumbani kwao mna vitabu vya hadithi kitandani na mezani. Anayekwama ni mtoto wa mfanyakazi wa bandarini, wa mlinzi wa usiku, wa mama lishe, wa mkulima wa mhogo. Wote wawili hufanya mtihani mmoja, siku moja, kwa karatasi moja. Lakini mmoja amepanda kwa vidato, na mwingine ameambiwa aruke. Basi habari ya vitabu vya kusomea Kiingereza si habari ya walimu peke yao. Ni habari ya haki.

Tatizo hili si la jana. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na uamuzi huo ulikuwa mwema, maana mtoto hujifunza vizuri kwa lugha anayoifahamu. Lakini sekondari ilibaki na Kiingereza, na daraja la kuvukia kutoka lugha moja kwenda nyingine halikujengwa imara. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na ndugu Jackson Makweta, ilishauri kwamba Kiswahili kianze kutumika katika kidato cha kwanza kuanzia 1985. Ushauri huo haukukubaliwa. Kisha mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu tangu shule ya msingi hata chuo kikuu. Waliyoyaona yaliwashtusha wengi: katika wanafunzi wa kidato cha nne, ni kama mmoja tu katika kumi aliyekuwa amefikia kiwango cha kuweza kufundishwa masomo kwa lugha hiyo. Yaani mtoto alikuwa akimaliza safari ya miaka minne kabla hajapata nauli ya kuianzia.

Mwaka 1987 ukaanza mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza, kwa fedha za Uingereza, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kupeleka katika shule za sekondari vitabu vyepesi vya kusoma, vilivyopangwa kwa ngazi. Fikira hiyo ilikuwa sahihi kabisa. Lakini mradi ni kitu chenye mwanzo na mwisho. Mradi ukiisha, gari hupaki, wataalamu hupanda ndege, na vitabu vinavyochakaa havipati warithi. Jambo la kusoma halitengenezwi kwa mradi. Hutengenezwa kwa mtaala, kwa ratiba, na kwa fungu la fedha linalorudi kila mwaka.

Sasa tueleze ni kwa nini kitabu chepesi ni jambo kubwa namna hii, maana wako watu wazima wanaokidharau, wakisema kwamba mtoto wa sekondari hapaswi kusoma hadithi za sungura.

Katika miaka ya 1920 mwalimu mmoja wa Kiingereza, Michael West, alikuwa akifanya kazi Bengal, katika India ya wakati ule. Aliona kwamba vijana wa Kibengali wanahangaika na vitabu vya Kiingereza miaka mingi bila kufika popote. Alipovichunguza vitabu vyenyewe akagundua kwamba kila ukurasa ulikuwa ukimwaga maneno mapya mengi, na neno likishatajwa mara moja halirudi tena. Akaviandika upya: maneno mapya machache, yaliyotawanywa kwa nafasi, na kila moja likirudiwa tena na tena mpaka limkae msomaji. Baadaye, mwaka 1953, ikachapishwa orodha yake ya maneno yapata 2,000 yanayotumika zaidi katika Kiingereza. Maneno hayo, yaliyo machache kwa kuhesabu, ndiyo yapata manane katika kila kumi ya maandiko ya kawaida.

Mtu atasema: Vema, basi tuwafundishe watoto maneno hayo 2,000, na kazi imekwisha. La, haijaisha. Mwaka 2000 watafiti wawili, Hu na Nation, walichapisha matokeo ya jaribio lao juu ya swali hili: Msomaji wa lugha ya kigeni anatakiwa kuyajua maneno mangapi katika kila mia ili aifahamu hadithi bila ya msaada? Waliona kwamba anahitaji kuyajua yapata 98. Na wale waliosoma maandiko ambayo waliyajua maneno 80 katika mia, hakuna hata mmoja aliyeifahamu habari ipasavyo.

Yafaa tuifanye hesabu hiyo kwa kalamu. Ukurasa wa kitabu una maneno, tuseme, 300. Mtoto anayeyajua 80 katika kila mia atakutana na maneno 60 asiyoyajua katika ukurasa huo mmoja. Akitafuta kila moja katika kamusi, na kila kutafuta kukachukua dakika moja, atamaliza saa nzima kwa ukurasa mmoja. Na afikapo chini atakuwa amesahau kilichosemwa juu. Huyo hasomi, anapepeta mchanga. Lakini mpe ukurasa ambao maneno asiyoyajua ni matano au sita tu. Atasoma mbio, atacheka panapochekesha, atabahatisha maana ya neno jipya kutokana na majirani zake, na kesho atalikuta tena katika ukurasa mwingine. Wahenga walisema kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa mwenye maneno machache, kitabu tunachokiona chepesi sisi ndicho bahari yake, na humo ndimo atakamojifunzia kuogelea.

Liko na jambo jingine ambalo wengi hawaliangalii. Twadhani ugumu wa kitabu cha sayansi uko katika majina makubwa ya kitaalamu. Sivyo. Jina kubwa mwalimu huliandika ubaoni, hulieleza, hulichorea picha, na mtoto hulishika. Kinachomwangusha ni maneno madogo yanayofunga fikira pamoja: yale ya kusema "ijapokuwa", "kwa hiyo", "ilhali", "isipokuwa kama", "kadiri". Hayo hayaelezwi na mtu yeyote, kwa kuwa kila mmoja hudhani yanajulikana. Mtoto asiyeyafahamu aweza kujua kila jina katika sentensi, na bado asijue kama sentensi yasema ndiyo au hapana. Nayo hayafundishwi kwa orodha. Hufahamika kwa kuyakuta mara nyingi katika habari yenye maana.

Tena Kiswahili chetu huandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishazijua herufi na silabi, aweza kusoma hata gazeti, ijapokuwa si kila neno atalielewa. Kiingereza hakina uungwana huo. Herufi moja, kama ile ya "a", husomwa kwa sauti kadhaa, na ziko herufi zinazoandikwa lakini hazitamkwi. Mtoto asipoelezwa tofauti hiyo mapema na kwa utaratibu, hukisoma Kiingereza kwa kanuni za Kiswahili, wenzake wakamcheka, naye akafunga kinywa. Hapa kosa si la mtoto. Mtaala wa kusoma unapaswa kumfundisha kwanza kusoma Kiswahili barabara, kisha umwoneshe waziwazi mahali ambapo lugha hii ya pili inafuata njia nyingine.

Wala tusidhani kwamba Kiswahili ni adui wa Kiingereza. Anayesoma vizuri kwa lugha moja amekwisha kujua kusoma ni nini: anajua kutafuta maana, kukisia, kurudi nyuma, kuuliza. Maarifa hayo huyachukua mzigoni na kwenda nayo katika lugha ya pili. Mwalimu Nyerere alikifasiri kitabu cha Shakespeare, Julius Caesar, tafsiri ikachapishwa 1963. Akafasiri tena Mabepari wa Venisi, ikachapishwa 1969. Asingeweza kazi ile kama angeona kwamba kuipenda lugha moja ni kuichukia nyingine. Ripoti ya Uwezo ya mwaka 2010 ilionyesha kwamba yapata nusu ya watoto waliomaliza shule ya msingi hawakuweza kusoma hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha darasa la pili. Lakini ilionyesha pia kwamba mmoja katika watano hakuweza kuisoma hata ya Kiswahili. Mtoto huyu wa mwisho hawezi kusaidiwa kwa kuongezewa Kiingereza. Msingi wa nyumba haujajengwa, nasi twamletea mabati.

Tumesema habari ya ugonjwa. Tuseme na habari ya dawa, maana dawa imekwisha kujaribiwa.

Katika visiwa vya Fiji, ambako watoto wa vijijini hujifunza Kiingereza kama lugha ya pili, watafiti wawili, Elley na Mangubhai, walifanya jaribio mwaka 1980. Walichukua shule nane za vijijini, wakapeleka vitabu 250 vya hadithi nyepesi, vyenye picha nyingi, katika madarasa ya nne na ya tano. Katika shule baadhi, mwalimu aliwasomea watoto kitabu kwa sauti, wakakizungumza, wakakirudia pamoja. Katika nyingine, watoto walipewa nafasi kila siku ya kusoma kimya kitabu walichokichagua wenyewe. Shule nyingine nne ziliendelea na mafundisho yao ya kawaida, ya kurudiarudia miundo ya sentensi, ili ziwe za kulinganishia. Baada ya miezi minane wale waliopewa vitabu walikuwa wameendelea katika kusoma yapata mara mbili ya kasi ya kawaida, na mwaka wa pili faida ikaenea katika stadi nyingine za lugha. Hawakujengewa maabara, wala hawakuletewa walimu kutoka ng'ambo. Walipewa vitabu wanavyoviweza, na wakapewa wakati wa kuvisoma.

Jirani zetu wa Kenya nao wana la kutufundisha. Kati ya 2011 na 2014 walifanya majaribio katika madarasa ya kwanza na ya pili, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, wakilinganisha njia mbalimbali. Shule nyingine zilipata mafunzo ya walimu peke yake. Nyingine mafunzo pamoja na kitabu kwa kila mtoto. Nyingine mafunzo, vitabu, na mwongozo wa mwalimu unaomwonyesha hatua za kila kipindi. Mafunzo peke yake yalifaa kidogo tu. Vilipoongezwa vitabu, faida ikakua. Na vitabu, mafunzo na mwongozo vilipokwenda pamoja, ndipo matokeo yakawa bora kuliko yote, na hata fedha zilizotumika zikawa zimeleta faida zaidi. Kutoka hapo ukazaliwa mpango wa Tusome, ulioenezwa nchini mwao kuanzia 2015. Fundisho ni hili: kitabu hakimfanyi mwalimu kuwa si wa lazima, wala mwalimu hawezi kuwa badala ya kitabu. Jembe na mpini ni viwili, lakini kazi ni moja.

Na hapa kwetu pia, katika miaka ya 2010, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma, wa Chuo Kikuu cha Aga Khan na wa Chuo Kikuu cha Bristol cha Uingereza, walivichunguza vitabu vya kidato cha kwanza. Waliona kwamba vimeandikwa kwa Kiingereza kigumu kupita uwezo wa watoto vilivyokusudiwa. Wakatunga sura za vitabu vya namna nyingine: sentensi fupi, picha zinazosaidia maana, maneno muhimu yaliyoelezwa kwa Kiswahili pale pale katika ukurasa, na mazoezi yanayomruhusu mtoto kulizungumza jambo kwanza na mwenzake kwa Kiswahili, kisha kuliandika kwa Kiingereza. Baiolojia ilibaki kuwa baiolojia, na hesabu ikabaki kuwa hesabu. Kilichobadilika ni kwamba mlango ulifunguliwa. Tunashangaa kuona jambo la akili namna hii likitajwa zaidi katika mikutano ya wataalamu kuliko katika mifuko ya watoto wetu.

Twajua kwamba yatatolewa maneno ya kupinga, nayo yafaa kujibiwa kwa heshima.

Wako watakaosema: Kwa nini tusumbuke na haya yote? Tufundishe kwa Kiswahili mpaka chuo kikuu, na shida itakwisha. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuidharau. Sera ya elimu ya 2014 iliacha mlango wazi kwa lugha zote mbili. Lakini hata siku Kiswahili kitakapofundisha kila somo, bado mtoto wetu atahitaji Kiingereza ili asome vitabu vya ulimwengu, afanye biashara na mgeni, aelewe karatasi iliyobandikwa katika mashine kiwandani. Tena watoto waliopo darasani leo hawawezi kungoja mjadala wa wakubwa uishe. Hoja ya lugha ya kufundishia na hoja ya vitabu vya kusoma ni mbili. Tusiifanye ya kwanza kuwa kisingizio cha kuisahau ya pili.

Wengine watasema: Fedha hakuna. Tuwajibu kwa hesabu nyingine. Darasa lina watoto 45. Desturi yetu ni kununua nakala 45 za kitabu kimoja, kila mtoto akasoma kitabu hicho hicho mwaka mzima. Kwa kitabu cha kiada hilo ni sawa, na ndivyo inavyopasa. Lakini kwa vitabu vya hadithi, chukua fedha za nakala 45 ukanunue vitabu 45 vilivyo mbalimbali, nakala moja moja, vya ngazi tofauti. Kila mtoto achukue kimoja, na kila wiki wabadilishane. Kwa wiki 36 za masomo mtoto atakuwa amesoma vitabu 36, kwa fedha zile zile ambazo zingemsomesha kimoja. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini hapa haba yenyewe si haba.

Wa tatu watasema: Walimu wetu wenyewe Kiingereza chao ni haba, watafundishaje? Hili ni kweli mahali pengi, wala si aibu yao. Wao pia walipandishwa mnazi ule ule. Lakini dawa ya mwalimu na ya mwanafunzi ni moja. Mwalimu anayewasomea watoto kwa sauti kitabu chepesi kila siku, baada ya kukisoma yeye mwenyewe jioni ya jana, hukuza Kiingereza chake pamoja nao. Na mwongozo mzuri humpa maneno ya kuanzia, maswali ya kuuliza, na njia ya kutoka anapokwama.

Yatupasa sasa kusema wazi tunataka nini. Mitaala iliyoboreshwa ilianza kutumika Januari 2024, na mtaala mpya usioambatana na vitabu vya kutosha ni ahadi iliyoandikwa kwa wino mzuri.

Kwanza, viwepo vidato vyote. Pawe na vitabu vya Kiingereza vilivyopangwa kwa ngazi, tangu vile vyenye maneno mia mbili tatu na picha kila ukurasa, hata vile vya maneno 2,000 na zaidi, na kila shule iwe navyo kabla mtoto hajafika sekondari, si baada. Ngazi iandikwe juu ya jalada, ili mtoto ajue alipo na anakokwenda.

Pili, vitabu hivyo viandikwe hapa kwa wingi. Hatusemi mtoto asisome habari za London au za Chicago. Asome, ulimwengu ni wake. Lakini anayejifunza lugha ngeni kwa habari ngeni hubeba mizigo miwili kwa mara moja. Mpe kwanza habari ya daladala, ya mvuvi, ya mpira wa miguu, ya fundi baiskeli, kwa Kiingereza chepesi, ili ugumu uwe mmoja tu. Waandishi tunao. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa nchini mwaka 1991, umeonyesha kwa vitabu vya Kiswahili kwamba watu wetu waweza kuwaandikia watoto, tena kwa uzuri. Ujuzi huo uelekezwe upande huu pia. Na kila kitabu kisomwe na kusahihishwa na wajuzi kabla ya kwenda mitamboni, maana kosa lililochapwa hufundishwa kama ukweli katika kila darasa kinamofika.

Tatu, vitabu vya kiada vya kidato cha kwanza na cha pili viandikwe kwa kumjua msomaji wake: sentensi fupi, maneno magumu yaelezwe kwa Kiswahili pembeni, na maneno madogo ya kuunganisha fikira yafundishwe kwa makusudi na mwalimu wa kila somo, si wa Kiingereza peke yake.

Nne, kusoma kuwe na kipindi chake katika ratiba. Kipindi cha kusoma kisitumiwe kwa mikutano, wala kufagia uwanja, wala kumalizia somo jingine. Nusu saa kila siku yatosha. Na mtihani uulize kama mtoto amefahamu habari mpya aliyoisoma, si kama amekariri majibu ya kitabu cha mwaka jana. Kwa kuwa mwalimu, kama mtu mwingine yeyote, hufundisha kile kinachopimwa.

Tano, vitabu vitoke makabatini. Ziko shule zilizo na vitabu vilivyofungiwa kwa kufuli kwa sababu mwalimu mkuu anaogopa kuulizwa vikipotea. Hofu yake twaifahamu. Basi wakaguzi wabadilishe swali. Wasiulize tu, "Vitabu vingapi vipo?" Waulize, "Vitabu vingapi vimechakaa kwa kusomwa?" Kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto kimetimiza kazi yake, kilicho kipya baada ya miaka mitano ndicho hasara. Zamani, Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa 1948, ilikuwa ikisambaza masanduku ya vitabu, sanduku likihama kutoka mahali hata mahali. Sheria ya huduma za maktaba ilitungwa 1963, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ikafunguliwa 1967. Si jambo jipya basi kwa nchi hii kuamini kwamba kitabu ni cha watu wote, na kwamba chaweza kusafiri kumfuata msomaji. Sanduku la vitabu 45 laweza kukaa muhula mmoja katika shule hii, na muhula wa pili likahamia ya jirani, kwa nauli ya baiskeli.

Hayo ni ya serikali na ya walimu. Lakini liko fungu la mfanyakazi na la mwanachama, nalo halingoji bajeti. Kamati za shule na bodi za shule ni zetu. Wazazi hukaa humo. Mara nyingi mkutano wa wazazi huzungumza habari ya madawati, ya uji na ya choo, na hayo ni mambo ya lazima. Safari ijayo pawe na mtu atakayesimama na kuuliza: Shule hii ina vitabu vingapi vya kusoma? Viko wapi? Mtoto wangu aruhusiwa kuja nacho nyumbani? Vyama vya wafanyakazi na matawi yao, ambavyo huchangia michezo na sherehe, vyaweza kuchangia sanduku moja la vitabu kwa shule iliyo jirani na kiwanda. Mashuka ya sherehe huchanika, na wali huliwa ukaisha. Sanduku la vitabu husoma nalo watoto wa miaka mingi.

Tena mzazi asiyejua Kiingereza asijione hana kazi. Mtoto anaporudi na kitabu, mwambie akusomee, kisha akueleze kwa Kiswahili yaliyomo. Akiweza kueleza, amefahamu. Akishindwa, amesoma kwa kinywa tu, nawe umekwisha kujua kabla ya mwalimu na kabla ya mtihani. Kazi hiyo haihitaji cheti. Yahitaji robo saa na taa.

Ndugu wasomaji, hatudai kwamba vitabu vyepesi vitaondoa kila shida ya shule zetu. Madarasa yamejaa, walimu hawatoshi, na mambo hayo yana hoja zake za siku nyingine. Twasema hili tu: hakuna mtu aliyewahi kujifunza kusoma lugha yoyote kwa vitabu asivyoviweza. Mtoto wa mfanyakazi akipewa kitabu kilicho kimo chake, kisha kingine kilicho juu kidogo, na kingine tena, atafika panapofika wengine. Asipopewa, ataendelea kuzunguka chini ya mnazi akiokota yaliyoangushwa na wenzake, nasi tutaendelea kuandika katika ripoti zetu kwamba hakujitahidi. Mitaala yaweza kubadilishwa kila baada ya miaka kumi, lakini huyu aliyeingia kidato cha kwanza Januari hii ana miaka minne tu, na mmojawapo umekwisha kuanza.